Jumamosi Tutamkata Bibi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu akatazama nilichokuwa nachora. Tunatengeneza katuni za watoto, na kabla katuni haijaanza kutembea lazima mtu akae achore hadithi nzima kwenye viboksi: hapa sungura anaonekana kwa mbali, hapa tunaona miguu yake tu, hapa sikio limesimama. Mchora viboksi ni mimi. Kijana akaweka kidole kwenye boksi moja lenye kikongwe aliyekaa jikoni, akasema, "Dada, hapa ungemkata bibi shingo ingependeza zaidi."

Alisema kweli. Pale palihitaji uso peke yake, ujaze boksi lote. Ila mimi mkono uliruka wenyewe, chai ikamwagika, kazi ya asubuhi nzima ikaloa. Maskini mtoto wa watu akaanza kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Nikamwambia hakuna neno, ila siku nyingine aseme "msogelee bibi", asiseme "mkate". Akanitazama vile vijana wanavyomtazama shangazi aliyeanza kuchanganyikiwa, akarudi mezani kwake. Sikumweleza. Naeleza hapa, kwa nyie rika langu, ambao hamtaniuliza ilikuwaje mtu mzima akaruka kwa sababu ya neno.

Nililelewa kijijini Kasoli na Bibi Minza, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa Bariadi mjini wakihangaika na duka jipya, na mimi nikabaki kwa Bibi kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nyumba isiyo na mtoto wa kutuma ni kama mtungi usio na kata. Nilikuwa darasa la tatu, na nilitumwa kweli. Maji, kuni, chumvi kwa jirani, kumfukuza mbuzi, kumwita mbuzi yule yule.

Ulikuwa ule wakati biashara ilipofunguliwa. Mnaukumbuka. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja na foleni moja, mkulima anapeleka anachopeleka na kupokea anachopewa. Mara wakaanza kuja wanunuzi binafsi na malori yao, leo huyu anataja bei yake, kesho mwingine anapandisha kidogo, na wazee wetu wakajifunza jambo ambalo hawakuwahi kulifanya maishani: kukaa na pamba ndani na kusubiri. Bibi alijaza chumba cha wageni mpaka karibu na kenchi. Sisi watoto tulikuwa tukipanda juu ya lile lundo na kuteleza mpaka chini, tunatoka weupe nywele na nyusi. Hadi leo nikinusa pamba yenye mbegu zake, ile harufu ya vumbi na mafuta kwa pamoja, ulimi wangu unakauka.

Mjini nako kulikuwa kumechanganya. Mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, soda za rangi ambazo hatukuzijua, sabuni za kunukia zilizokuja kwenye maboksi magumu mazuri. Kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara alifungua duka, na kila duka lilitaka jina ukutani. Hapo ndipo Baba mdogo Shija alipopata ulaji. Alikuwa mziwanda wa Bibi, mrefu, mwembamba, mwenye ndevu chache alizozitunza sana. Aliwachorea vinyozi vichwa vilivyonyolewa, akawachorea wauza nyama ng'ombe anayecheka, jambo lililomchukiza Bibi. Ng'ombe anayepelekwa kuchinjwa anacheka nini, aliuliza.

Kazi hizo zikamfikisha Dar. Kulikuwa na watu waliokuwa wanafundisha vijana kutengeneza katuni za kutembea, wakampokea, wakamfundisha kwa muda, kisha wakamrudisha nyumbani na kazi ya kufanya. Achore hadithi fupi nzima kwenye viboksi, kila boksi na mkao wake, akirudi nayo wataitazama, na wakiipenda wanamwajiri. Akaja Kasoli na bunda la karatasi, na hadithi aliyoichagua ilikuwa ya bibi kizee, kuku wake mwenye vifaranga, na mwewe. Bibi kizee alikuwa naye bure. Kuku pia. Mwewe walikuwa wanajileta wenyewe.

Mimi alinifanya msaidizi wake, na sikuwahi kupandishwa cheo kikubwa namna hiyo tena. Alikata boksi la sabuni akatoa kipande kigumu, akakitoboa dirisha katikati, akaniambia hiyo ndiyo kamera yetu. Ukiweka dirisha karibu na jicho unaona uwanja mzima, nyumba, zizi, mlima wa mawe nyuma. Hiyo ni picha ya mbali. Ukilisukuma mbele kwa mkono, vitu vinaanza kubaki nje. Hapo tunasema tumekata. Ukimwona mtu mpaka magotini, umemkata magoti. Mpaka kiunoni, umemkata kiuno. Ukiona uso tu, umemkata shingo, na hiyo ndiyo picha nzito kuliko zote, haitumiwi ovyo, inawekwa pale moyo wa hadithi ulipo. Nilijifunza maneno hayo haraka kuliko nilivyowahi kujifunza jedwali la kuzidisha.

Tukawa tunakata kila kitu. Tulimkata mbuzi kiuno, tukamkata jirani magoti akichota maji. Baba mdogo alinipandisha juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba niangalie uwanja kwa jicho la mwewe, na nikashangaa jinsi Bibi alivyokuwa mdogo kule chini, kibuyu kilichosahauliwa uani. Kisha akanilaza kifudifudi karibu na banda la kuku nitazame kwa jicho la kifaranga. Sisimizi waliniingia shingoni, lakini niliona kitu ambacho sijakisahau: Bibi kutoka chini alikuwa mkubwa kuliko ghala, miguu yake ilianzia hapa na kichwa chake kilikuwa mawinguni. Ni mtu yule yule, alinifundisha Baba mdogo, umebadilika wewe ulipokaa.

Baba mdogo alikuwa pia na tabia ya kunyoosha mkono na penseli, kufumba jicho moja, na kumpima Bibi kwa mbali: kichwa kinaingia mara ngapi kwenye mwili, shingo ni fupi kiasi gani. Bibi alikuwa akiinua macho kwenye mchicha anaouchambua na kumkuta mwanawe amemlenga namna hiyo. Hakuuliza kitu. Nasi hatukumweleza. Tulidhani anaelewa. Mtoto hudhani kila mtu yumo ndani ya kichwa chake, na Baba mdogo, pamoja na ndevu zake zile, alikuwa bado na ugonjwa huo.

Nitaje mambo mawili, halafu niendelee.

La kwanza, kabla ya kuchora hata boksi moja, Baba mdogo alikuwa amemwomba Bibi auze dume moja la ng'ombe apate nauli na pa kufikia Dar. Bibi alikataa. Walijibizana mpaka majirani wakasikia, kisha yakaisha, au mimi nilidhani yameisha.

La pili, katika msimu ule ule, bibi mmoja wa ng'ambo ya mto alikuwa amefariki. Watu wazima walisema amepata ajali. Mimi nilikuwa najua ajali ni gari, na kwa kuwa malori ya pamba yalikuwa yameanza kupita, nikaenda na wenzangu kutafuta alama za matairi kwenye njia ya kwao. Hatukuona hata moja. Nilirudi nikamwambia Bibi kwamba lile lori lililomgonga bibi yule halikuacha alama. Alikuwa anapuliza moto. Aliinua uso, macho yake mekundu kama kawaida, kwa sababu kuni zilikuwa shida na tulipikia miti ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, moshi unaouma. Akaniambia nisiende tena kule.

Nyie mnajua. Mimi sikujua. Sikujua kwamba kulikuwa na watu waliotazama macho mekundu ya mwanamke mzee wakasema ni ya uchawi, na wasione moshi uliokuwa mbele yao. Sikujua kwamba panga lililoingia kwa yule bibi ng'ambo ya mto lilinong'onwa kuwa lilitumwa na mtu wa nyumbani mwake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na walipokuwa wakilisema walikuwa hawatazamani.

Sasa. Siku moja mchana mimi na Baba mdogo tulikuwa chumba cha pamba tunapanga viboksi. Alikuwa amebakiza picha moja tu, ile nzito. Mwewe ameshachukua kifaranga, na bibi anainua uso kutazama juu. Baba mdogo alikuwa ameisubiri siku nyingi na alikuwa na wasiwasi mmoja: Bibi akijua anachorwa, atakauka. Mnazikumbuka zile picha za zamani za ukutani, watu wamekaa mikono magotini, hakuna anayepepesa, kama wanasomewa hukumu. Hicho ndicho alichokiogopa. Tuliongea Kiswahili, kwa sababu maneno ya kazi ile alirudi nayo Dar na Kisukuma hakikuwa nayo.

"Jumamosi tunamkata Bibi shingo," alisema. "Asijue kabla. Akijua atakaza."

Nikamuuliza kama tutamfuata shambani. Akasema hapana, tutamfanyia jikoni, akiwa ameinama anapuliza moto. Mimi nitamwita kwa nyuma ageuke, naye atakuwa tayari.

"Yale macho yake ndiyo ninayoyataka," akasema. "Nikiyapata yale macho, kazi nimepata."

Nikacheka. Nilikuwa na furaha ya kupewa siri. Nikasema mimi nitamwita kwa sauti ndogo ili asishtuke, na tukacheka wote wawili, na pamba ikatuingia puani tukapiga chafya.

Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa tofali mbichi, na upande wa pili ndipo Bibi alipokuwa akianika michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni. Hotuba ya diwani ilimpita, mahubiri aliyafuata nusu. Lakini bei aliijua, na bucha aliijua. "Nikatie shingo" lilikuwa neno lake la kila alipokwenda mjini, kwa sababu nyama ya shingo ni rahisi na ina mchuzi. Kata alilijua. Shingo alilijua. Asijue, macho, Jumamosi, Bibi, yote aliyajua.

Wiki ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoishi pale. Kesho yake Bibi alichinja jogoo aliyekuwa akimringia kijiji kizima, akatupikia wali, wali kabisa, si sikukuu wala nini. Baba mdogo alipewa paja, kisha akaongezwa kidari. Alinitazama akanikonyeza, na baadaye akaniambia Bibi ameshasahau ugomvi wa dume. Siku iliyofuata Bibi alibeba chungu chake kikubwa pamoja na tetea mmoja akampelekea Mayu Limi, jirani yetu, rafiki yake tangu usichana. Mayu Limi alishangaa. Bibi alimwambia tu chungu kimekuwa kizito kwake. Alifagia mpaka nyuma ya zizi. Alifua. Alinikalisha akanisuka, taratibu, bila kunivuta hata mara moja, yeye ambaye kwa kawaida ukisukwa naye unatoka na machozi.

Kisha akavua bangili yake. Ilikuwa ya shaba, nene, aliyopewa na mama yake, na mkono wake ulikuwa umeshaizoea hata ikaacha mfereji. Aliitoa kwa mafuta ya kupikia. Akanivisha, ikanipita mpaka kwenye kiwiko. Nilimuuliza kama ni yangu kabisa. Akasema ni yangu kabisa. Nilikimbia uwanja mzima nimeinua mkono ili isidondoke, na nilipogeuka nilimkuta ananitazama, na nikafikiri, mtoto mimi, kwamba anaona wivu.

Ijumaa alikaa na jiwe la kunolea akanoa panga. Alilinoa muda mrefu, anamwagia maji, anapitisha kidole, anarudia. Nilijua kazi yake, maana pamba ikishavunwa miti yake lazima iondolewe. Nikamwambia Bibi, mbona miti tulishaimaliza. Akasema panga butu linaumiza mtu. Nikaona ni kweli, mwalimu wetu wa kilimo alikuwa akisema hivyo hivyo.

Jumamosi asubuhi Bibi alioga maji ya moto na kuvaa kitenge chake cha kanisani. Baba mdogo alipomwona kwa mbali alisikitika kidogo, alitaka lile gauni la kila siku, kisha akasema haidhuru, tunamkata shingo, nguo haitaonekana. Tukaenda. Yeye mbele na dirisha la boksi, mimi nyuma na karatasi kifuani.

Jiko letu lilikuwa nje, paa la nyasi juu ya nguzo. Moto ulikuwa unafuka lakini Bibi hakuwa anaupuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ametugeuzia, ameinamisha kichwa. Alikuwa amevua kilemba. Sikuwahi kumwona Bibi bila kilemba mchana, na nikaona kisogo chake kwa mara ya kwanza, nywele nyeupe fupi na shingo nyembamba yenye mikunjo. Kando yake chini kulikuwa na lile panga. Mpini ulikuwa umeelekezwa kwetu.

Baba mdogo hakuliona. Alikuwa anaona mwanga. Alipiga goti, akainua dirisha, akanyoosha mkono taratibu, akanipa ishara. Nikamwita Bibi kwa sauti ndogo kama nilivyoahidi.

Hakugeuka. Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Shija, mwondoe mtoto kwanza."

Baba mdogo akacheka. Akamwambia mayu, yaani mama, huyu ndiye fundi wangu, bila yeye kazi haiendi. Niliona mabega ya Bibi yakishuka.

"Basi afumbe macho," akasema.

Nami nikafumba. Nilidhani ni mchezo, kwamba Bibi ameshajua anachorwa na ana jambo la kutushangaza. Nilifumba kwa nguvu, nikaweka na viganja juu yake. Nilisikia moto. Nilisikia kuku akiita vifaranga. Nilisikia Baba mdogo akisogea hatua moja, kisha nikasikia boksi la sabuni limeanguka, na baada ya hapo ikaja sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa mwanamume mtu mzima. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto na bado hajaanza kupiga kelele.

Nilipofumbua, panga lilikuwa limetupwa mbali karibu na zizi, karatasi zangu zimetawanyika, na Baba mdogo yuko chini ameishika miguu ya Bibi. Alikuwa anasema hapana, mayu, hapana, anachanganya Kiswahili na Kisukuma, anaonyesha boksi, anaonyesha penseli. Bibi alikuwa amekaa vile vile. Aliinua mkono polepole akagusa shingo yake, akaipapasa ngozi kama anatafuta kitu kilichopotea hapo. Mimi nilianza kulia bila kujua ninalilia nini.

Walionifahamisha ni wao wenyewe, kwa maneno waliyosemezana mbele yangu wamesahau kwamba nipo. Baba mdogo aliuliza jambo moja tu, akalirudia na kulirudia: kwa nini hukupiga mwano. Mwano ni ile sauti ya hatari ya kwetu. Mtu akiipiga, kila mwenye miguu anatoka, sungusungu wanakuja na marungu na mishale, hakuna anayebaki ndani. Bibi alikuwa na siku zote zile. Angeweza kuupiga akiwa anaanika michembe. Angemwambia hata Mayu Limi alipompelekea chungu.

Bibi alimtazama mwanawe kana kwamba ndiye mtoto wa darasa la tatu.

"Ningepiga mwano," akasema, "wangekuua."

Nimechora vifo vingi tangu siku ile. Vya fisi, vya majitu, vya wafalme wabaya. Sijawahi kupata sentensi inayonipiga kama ile, na ilisemwa bila mkazo, na mwanamke anayefunga kilemba chake upya.

Baada ya hapo Bibi alitaka kuona huko kukata kwenyewe kukoje. Baba mdogo akaokota dirisha akampa. Bibi akalitia jichoni. Akamtazama mwanawe kwa mbali, kisha akainuka akamwendea, akanyoosha mkono, akasogea tena, mpaka nadhani uso wake ulijaa boksi, ndevu na kamasi na yote.

"Kumbe ni kusogea tu," akasema.

Kisha akakishusha kile kipande cha boksi na kumzaba Baba mdogo kofi ambalo lilimgeuza. Hapo ndipo hasira ilipofika. Alitutukana wote wawili mpaka mbuzi wakaondoka. Alituita wapumbavu wa Dar es Salaam, hata mimi ambaye nilikuwa sijavuka Bariadi. Alisema na zile karatasi nilizobeba, alizisikia zikichakarisha nyuma yake akajua ni za kufungia, kama za bucha. Alisema hivyo akaanza kucheka, na kicheko hicho kilinitisha kuliko kofi, kwa sababu hakikutaka kukoma, na Baba mdogo alilazimika kumletea maji.

Jioni ile ile Bibi alikwenda kudai vitu vyake. Mayu Limi alirudisha tetea bila maneno, lakini chungu alisema kimeshazoea nyumba. Hakuambiwa sababu, si siku ile wala nyingine, na akaenda kaburini akiamini rafiki yake ni mtu wa kutoa na kunyang'anya. Bibi alikubali kusemwa hivyo. Alijua neno lenyewe likitoka nje ya ua ule lingerudi na mishale.

Picha ile nzito ilichorwa Jumatatu, kwa ruhusa. Bibi alivaa kilemba kipya, akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, hakupepesa. Alikauka sawasawa na vile Baba mdogo alivyoogopa, na Baba mdogo akamchora vile vile alivyokauka, hakurekebisha mstari hata mmoja. Dar walimwambia kazi ni nzuri ila bibi anaonekana kama yuko studio anasubiri picha ya kitambulisho. Hawakumwajiri. Alirudi Bariadi kwenye vinyozi na ng'ombe wake wanaocheka, na jioni akirudi Kasoli alinifundisha mimi, na tangu siku ile hakuwahi kutamka "kata" akiwa na penseli. Alisema "sogea". Sogea magotini. Sogea usoni. Ndivyo nilivyojifunza, na ndivyo ninavyosema mpaka leo, ingawa vijana wananicheka.

Kwa miaka mingi nilidhani nimeshatoka kwenye mshtuko ule. Sikujua kwamba ulikuwa unakua nami. Nilipokuwa mtoto kilichonishtua kilikuwa panga. Nilipokuwa msichana ikawa mwano ambao haukupigwa. Sasa kinachonikamata, nikiwa nimekaa tu na chai yangu, ni ule wali. Kwamba mtu alitupikia wali akatutazama tukila, na akamwongezea kidari yule aliyeamini atakuja kumuua.

Bibi alifariki kwa uzee, kitandani mwake, amezungukwa. Namshukuru Mungu kila ninapolitamka hilo. Mwaka kabla hajafariki nilikwenda kumwona. Macho yalikuwa yameshafifia, akawa ananishika mkono ili ajue ni mimi, na vidole vyake vikaikuta bangili, ambayo sasa ilikuwa inanikaa sawa. Akaizungusha. Nikapata ujasiri wa kuuliza jambo nililokuwa nimelikalia tangu utotoni. Nilimuuliza kama wakati ananipa bangili ile alikuwa bado hajajua kwamba na mimi nilikuwemo kwenye mpango.

"Nilijua," akasema. "Sauti yako niliisikia ukutani. Ulikuwa unacheka."

Nikamuuliza, na bado ukanipa?

Akanigeuzia yale macho yake, hayaoni tena, mekundu bado kwa moshi wa miaka yote ile, na akanijibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Sasa ningempa nani? Mjukuu wangu si wewe?"